Msimlaumu Mtu wa Pampu, Laumuni Ufunguo

Najua nimepotea wiki kadhaa, na najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo nina hasira, na hasira ikishapoa haiandikiki vizuri, kwa hiyo hifadhidata ingoje kidogo.

Nataka kuzungumza juu ya swichi ya ufunguo. Ile ya jenereta, yenye nafasi tatu: kuzima, kuendesha, kuwasha. Kila mtu ameiona, kila mtu ameizungusha, na kwa sababu hiyo hakuna anayeitazama. Ninachodai ni kwamba swichi hiyo, jinsi inavyofungwa kwenye jenereta nyingi zinazovuta maji huku kaskazini mashariki, imebuniwa VIBAYA. Inaua stata. Na kila stata ikifa, jina linaloandikwa kwenye ripoti ni la mtu aliyeshika ufunguo.

Kwa wasiopafahamu, Eldas iko Kaunti ya Wajir, na ni eneo bunge tangu uchaguzi wa 2013. Hakuna mto wa kudumu. Wajir mjini pana visima vifupi ambavyo mtu anateka kwa kamba na ndoo, lakini ukielekea Eldas unategemea silanga za maji ya mvua na visima virefu vya mashine, wengine husema boholi. Pampu ya mkono aina ya Afridev, ambayo wengi mmeiona vijijini, inafika kama mita 45 basi. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, mikono haina kazi. Unashusha pampu ya umeme ndani ya kisima, na umeme wenyewe unatoka kwa sola au kwa jenereta ya dizeli. Jenereta isipowaka, hakuna maji. Ngamia wamesimama, mbuzi wamesimama, akina mama wamesimama na mitungi, na katikati yao amesimama mtu mmoja na ufunguo mkononi.

Wenye kumbukumbu nzuri wanajua ukame ulioanza mwishoni mwa 2020. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo hadi mwishoni mwa 2022. Desemba 2021 picha ya twiga sita waliokufa Sabuli, hapo hapo Wajir, ilizunguka dunia nzima. Katika kipindi kama hicho jenereta ya kisima haipumziki. Inazimwa kutiwa mafuta, inawashwa, inazimwa ipoe, inawashwa. Kila kuwasha ni kamari ndogo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue stata inafanya nini. Ni mota ndogo yenye nguvu nyingi, inayonyonya mamia ya ampea kutoka kwa betri kwa sekunde chache. Ukizungusha ufunguo hadi mwisho, solenoidi inafanya mambo mawili kwa pamoja: inasukuma gia ndogo ikaumane na meno yaliyozunguka flaiwili ya injini, na inafunga mguso mkubwa wa shaba ili umeme uingie kwenye mota. Injini ikishika, unaachia ufunguo, springi inaurudisha, gia inarudi ndani. Basi. Stata imeumbwa kwa sekunde chache tu, ndiyo maana vitabu vya jenereta hukuambia usizidishe hapo na upumzishe kabla ya kujaribu tena.

Sasa hesabu kidogo, na hii ni rahisi. Tuchukue flaiwili yenye meno 120 na gia ya stata yenye meno 10. Uwiano ni 12 kwa 1. Stata inapozungusha injini kwa mizunguko 200 kwa dakika, gia yake inakwenda 2,400. Sawa, imeumbwa kwa hilo. Lakini jenereta ya kawaida ya Hz 50 ikiwaka inakwenda 1,500 kwa dakika. Gia ikibaki imeumana, inalazimishwa kuzunguka 18,000 kwa dakika. Ndani yake kuna klachi ya upande mmoja inayojaribu kuiokoa mota isiburutwe na kasi hiyo, lakini klachi hiyo imewekwa kwa kuchelewa kwa sekunde moja au mbili. Iache dakika nzima na itaungua. Ikishaungua na kung'ang'ana, waya za mota zinatupwa nje na hiyo kasi, na kazi imekwisha.

Kosa la pili ni kuzungusha ufunguo wakati injini tayari inanguruma. Hapo gia iliyotulia inatupwa kwenye meno yanayokimbia 1,500 kwa dakika. Mliko wake unausikia hadi kwenye meno yako mwenyewe. Kila mara vinaruka vipande vya chuma, na vikiruka vya kutosha kwenye flaiwili, kubadilisha stata hakusaidii tena. Inabidi injini itenganishwe na altaneta kubwa ya nyuma, na hiyo si kazi ya fundi mmoja chini ya mti.

Mtu mwenye akili timamu anawezaje kuwasha injini inayowaka? Niliuliza hivyo hivyo, na nilipata jibu kwa macho.

Nilipelekwa kisima kimoja nje ya Eldas kufunga kifaa cha kuhesabu saa za pampu. Kabla sijaondoka Nairobi nilipewa faili. Ndani yake stata tatu zilikuwa zimebadilishwa ndani ya miezi 14, na mbele ya kila moja, kwenye safu ya sababu, yameandikwa maneno matatu: uzembe wa mwendeshaji. Mara tatu. Mwendeshaji mwenyewe ni mzee wa heshima ambaye amekaa na injini za dizeli miaka mingi kuliko niliyoishi mimi. Nilimwomba, "Abti, hebu washa nione." Akawasha. Injini ikashika, ufunguo UKABAKI pale pale mwisho. Akaurudisha kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye titi. "Huu haurudi wenyewe," akaniambia. "Vumbi. Nikiurudisha mimi hakuna shida. Nikimwachia kijana aniwashie, anauachia akidhani umerudi, anakwenda kufungua valvu."

Kijana hausikii mliko kwa sababu jenereta imefunikwa kwenye boksi la kuzuia kelele, upepo unavuma, na nje kuna ngamia mia wanalia wapewe maji. Boksi hilo hilo ndilo linalofanya mtu aliyesimama upande wa pili asijue kama injini imeshika au imekataa, akazungusha tena ili kuhakikisha. Na ufunguo wenyewe umefungwa pamoja na funguo za kufuli za tangi, za kibanda cha maji na za stoo ya dizeli, kwa sababu mtu akipewa funguo tano na mfuko mmoja wenye tundu atazifunga pamoja. Shada zima linaning'inia kwenye swichi, linatikiswa na injini kutwa nzima, na tundu la ufunguo linazidi kulegea na kuingiza vumbi.

Haya niambieni, uzembe uko wapi hapo? Mlinzi PEKEE wa stata ni springi moja nyembamba ndani ya swichi isiyo na kifuniko, katika nchi ya vumbi. Aliyechora mashine aliijua kazi ya springi hiyo. Mashine yenyewe inajua kama injini inazunguka au la: ina geji ya mafuta ya injini, ina chaji ya betri, inatoa volti 240 zinazoendesha pampu! Ushahidi wote umo ndani ya boksi lile lile. Hakuna waya hata mmoja unaoupeleka ushahidi huo kwenye stata.

Nilipotafuta mtandaoni swichi ya umbo lile lile, nikaikuta inauzwa kama spea ya mashine ya kukata nyasi, ya boti, na ya ile pikipiki ya mkanda inayokimbia juu ya theluji. Theluji, jamani. Sina ugomvi na watu wa theluji, nao wanaunguza stata kwa ufunguo huo huo, ila wao vidole vina glovu na springi imeganda. Kitu kimoja kinauzwa kwa dunia nzima, na kila nchi inagundua kivyake namna yake ya kuharibika.

Wala msiniambie kwamba tatizo ni gumu. Kuwasha kwa ufunguo si jambo la jana, Chrysler walilileta mwaka 1949. Magari mengi ya Kijerumani, zikiwemo Volkswagen za zamani, yana kizuizi kidogo ndani ya swichi: ukishawasha mara moja, huwezi kuzungusha tena hadi wa kuwasha mpaka kwanza urudi kwenye kuzima. Kipande cha chuma tu. Hakuna kompyuta. Kinamlinda hata dereva aliyelewa.

Na sisi tunaotengeneza programu tulilijua hili zamani. Mtu anabonyeza "Lipa", ukurasa unakawia, anabonyeza tena. Kuna mtengenezaji wa tovuti mwenye akili anayemwandikia mteja barua kwamba amekuwa mzembe? Unakizima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza, na upande wa seva unakagua kama ombi ni lile lile. Tuma pesa kwa M-Pesa, kiasi kile kile kwa namba ile ile mara mbili kwa haraka, uone kama mfumo hautakusimamisha. Walikaa chini wakafikiri: binadamu akiwa na wasiwasi hurudia. Huo si ukosefu wa mafunzo. Ndivyo tulivyo.

Kuna kisa kikubwa cha ufunguo ambacho kila anayebuni kitu anapaswa kukijua. Februari 2014 General Motors ya Marekani ilianza kuyaita magari yarudi, na yalifika milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion. Swichi ya ufunguo ilikuwa legevu mno. Goti likiugusa, au shada la funguo likiwa zito na barabara ina mashimo, ufunguo unateleza kutoka kwenye kuendesha, injini inazima gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa haifunguki kwenye ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Septemba 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 kumaliza kesi ya jinai.

Lakini kilichonikaa kooni ni cha Desemba 2005. Malalamiko yalikuwa yameshafika, na kampuni ikawatumia wauzaji wake waraka. Uliwaambia nini? Wawashauri wateja WAPUNGUZE vitu vizito kwenye shada la funguo. Yaani swichi ni salama, tatizo ni funguo zako za nyumbani. Katika kikao cha Bunge la Marekani Aprili 2014 ilitajwa kwamba sehemu ya kurekebisha ingegharimu senti 57. Na mwaka 2006 swichi iliboreshwa kimyakimya bila kubadilishwa namba yake ya sehemu, kwa hiyo nzuri na mbovu zikawa na jina moja. Mhandisi aliyeajiriwa na wakili wa familia moja ya Georgia ndiye aliyefungua swichi mbili zenye namba moja, akaona hazilingani. Waprogramu wenzangu, fikirieni mtu anayebadilisha kodi kwenye seva na kuacha namba ya toleo ile ile. Tunamfukuza kazi kwa chini ya hapo.

Sifananishi stata ya Eldas na vifo 124. Ninachofananisha ni ule waraka. "Uzembe wa mwendeshaji" na "punguza funguo zako" vimeandikwa na mkono mmoja.

Sasa tiba, maana sipendi kulalamika bila waya. Kuna vidhibiti vya kielektroniki vinavyowasha jenereta kwa kitufe na kuikata stata vyenyewe injini ikishika. Vizuri sana, na jenereta kubwa nyingi huja navyo. Lakini mimi naandika programu kwa mshahara, na nawaambia: kwa kisima cha mbali, programu si jibu la kwanza. Skrini ikifa kwa joto, nani ataifungua? Kwa jenereta ndogo ya ufunguo inatosha rilei moja ya volti 240. Koili yake inaunganishwa kwenye umeme unaotoka kwenye jenereta, kupitia fyuzi. Mguso wake, ule unaofungika wakati koili haina umeme, unakaa kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda kuamsha stata. Jenereta imelala, hakuna volti 240, mguso umefungika, unawasha kama kawaida. Jenereta ikishika na kufika kasi yake, volti inapanda, rilei inavuta, waya wa stata unakatika. Ufunguo ubaki umekwama, kijana arudie mara kumi, stata haisikii kitu.

Usiupitishe mkondo wa solenoidi kwenye mguso huo moja kwa moja, utauchoma. Weka katikati rilei ya gari ya ampea 40, zile zinazopatikana kila duka la spea Kirinyaga Road kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Na angalieni uzuri wake: koili ikiungua siku moja, mguso unabaki umefungika na jenereta inaendelea kuwaka kama ilivyokuwa zamani. Umepoteza ulinzi, hukupoteza maji. Kwa kisima, hivyo ndivyo kifaa kinavyopaswa kuharibika.

Lina shimo moja, na najua mtaliona. Ufunguo ukiwa umekwama kwenye kuwasha na dizeli ikaisha, volti inashuka, rilei inaachia, stata inaitwa irudi kwenye flaiwili ambayo bado inapunguza mwendo. Kwa hiyo ongeza rilei ya muda inayochelewesha sekunde kumi au zaidi, mpaka flaiwili isimame. Na bora zaidi, swichi yenye kile kizuizi cha Kijerumani, pamoja na kifuniko cha mpira. Betri ikiwa dhaifu hadi mguso wa shaba ndani ya solenoidi ukajichomelea wenyewe, rilei yangu haitakuokoa, utang'oa waya wa betri kwa mkono. Hilo ni tatizo la betri na waya mwembamba, lina makala yake.

Rafiki yangu mhandisi wa maji, ambaye tumebishana naye hadi kahawa ikapoa, ana hoja tatu. Ya kwanza, wapeni mafunzo waendeshaji. Tayari wamepewa, na mzee yule anaweza kumfundisha mwalimu. Huwezi kumfundisha mtu kusikia kilichofunikwa na boksi. Ya pili, sola inakuja, jenereta zinaondoka. Sola imekuja kweli na ninaifurahia, lakini mahali pengi jenereta imebaki pale pale kama akiba ya siku za mawingu na ya msimu wa ngamia wengi. Jenereta ya akiba inakaa wiki nyingi bila kuguswa, betri inalegea, vumbi linatulia ndani ya swichi. Siku inapohitajika ndiyo siku springi imekwama. Sola imefanya ufunguo uwe hatari zaidi!

Ya tatu ndiyo ya maana. Anasema: kitu rahisi hutengenezeka, usinijazie vitu. Hapo ninamsikiliza. Nimeona mashine nzuri zimegeuka vyuma chakavu kwa sababu ya kifaa kimoja chenye akili ambacho hakuna aliyeweza kukifungua. Lakini urahisi wa nani? Swichi bila rilei ni rahisi kwa kiwanda. Kwa mzee wa kisima si rahisi hata kidogo: anabeba kichwani mwake kazi ambayo waya mbili zingeibeba, kila siku, mchana na usiku, na akilala akamwachia mwingine, kazi hiyo haiachiki pamoja na ufunguo. Stata mpya inatoka Nairobi, inapita Garissa, inasubiri gari, inafika Wajir, inasubiri gari lingine. Siku zote hizo ni maji ya lori, kama lori lipo.

Kwa hiyo ninachotaka ni sentensi moja. Kaunti na mashirika yanayonunua jenereta za visima huandika zabuni ndefu: kVA ngapi, tangi la lita ngapi, rangi gani. Ongezeni hii: "Stata isiweze kuingia wakati injini inazunguka, hata ufunguo ukiwa umeshikwa kwenye nafasi ya kuwasha, na mwuzaji aonyeshe hivyo mbele ya mnunuzi siku ya kupokea." Jaribio lenyewe ni la sekunde tano. Washa, shikilia, sikiliza. Ikilia, irudi kwenye lori.

Na kwenye zile faili, futeni ile safu yenye maneno matatu. Andikeni kilichotokea: ufunguo haukurudi. Mtu akisoma hivyo mara tatu mfululizo ataagiza swichi. Akisoma "uzembe" mara tatu ataagiza mtu mwingine, na mtu huyo mwingine atapewa ufunguo ule ule.

Mchoro wa rilei ninao kwenye karatasi, nitauchora vizuri na kuuweka hapa. Tafadhali, kazi ya upande wa volti 240 aifanye fundi wa umeme anayejua anachoshika, injini ikiwa imezimwa na waya wa betri umetolewa. Mwenye jenereta ya ufunguo asiyejua kama yake ina kinga, msiijaribu kwa kushikilia ufunguo, mtaniletea bili ya stata. Fuateni waya unaotoka kwenye nafasi ya kuwasha. Ukienda moja kwa moja hadi kwenye solenoidi bila kupita popote, mmeshapata jibu.